Koti Lililotundikwa Golini

Mwanangu Ipyana,

Salaam sitaandika. Tuko nyumba moja, kati yetu ukuta wa matofali mabichi, na nakusikia unavyowadanganya wadogo zako kwamba huko Iringa utalalia kitanda cha springi. Nimewaambia najifungia chumbani nishone shati lako. Shati limekwisha zamani. Ninachofanya ni kuhangaika na kalamu hii, na mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne kwa masista na tangu hapo mkono umeshika zaidi mwiko.

Humu usitafute habari za kufua soksi, wala kula kabla ya mazoezi, wala kutonunua vitu usivyovihitaji. Hayo umeyasikia mpaka umeota sugu masikioni. Kama mpaka leo hujui kufua soksi, basi wenye timu huko watakufundisha wenyewe.

Naandika kwa ajili ya swali lako la jana. Wageni wamekaa, wewe umeshika bakuli la maharage, ukaniuliza: "Mama, yale uliyoyafanya kwenye msiba wa Mapunda yalikuwa kweli, au ulikuwa unamtania tu marehemu?" Nami nikacheka. Nikakwambia kula, chakula kinapoa. Baba yako akainamia sahani yake, na wewe ukanywea. Nilikuona, mwanangu. Nilitaka nikujibu, lakini mdomo wangu umezoea mzaha tangu utoto wangu kule Idodi, na kila jambo zito likifika kwangu hutoka limevaa kicheko. Kwenye karatasi siwezi kucheka. Ndiyo maana nimekaa hapa.

Najua kwa nini uliuliza. Unakwenda kudaka mpira Iringa, na Iringa ndiko walikochekea zaidi. Siku ya kwanza utakaposimama golini, atatokea mtu nyuma yako apaze sauti: "Huyo si mtoto wa yule aliyeuza mechi kwa koti?" Wewe mwenyewe umeishi na neno hilo tangu uliporudi kutoka kwa bibi yako. Nimekuona ukitembea na baba yako kwenda sokoni Mwanjelwa, yeye mbele na koti lake, wewe nyuma hatua kadhaa, kama mtu aliyekutana naye njiani. Sikukukemea hata mara moja. Ningekukemeaje, na aibu ile ilikuwa yangu?

Sasa nisikilize.

Mwaka ule wewe ulikuwa Idodi unachunga mbuzi wa mama yangu. Baba yako alikuwa golikipa wa timu ya mji wetu huu wa Mbeya, na siku zile mchezaji mzuri alipewa kazi kwa sababu ya mpira wake. Yeye alipewa kazi karakana, anashika spana asubuhi na mpira jioni. Nahodha alikuwa Ambokile, rafiki yake wa kutoka Tukuyu. Walikuwa wakila sahani moja, wakigombana wakipatana mahali palepale. Timu ilifika fainali ya kombe la jimbo, na waliokuwa wanakuja kucheza nasi ni Iringa. Mji mzima uliwekeana dau. Wapo walioweka baiskeli, wapo walioweka mbuzi, na fundi cherehani mmoja aliweka cherehani yake, mkewe akakimbilia kwao.

Mapunda unamkumbuka, yule Mngoni aliyekuwa akiuza sokoni nguo alizoletewa kutoka Iringa. Alikuwa mtani wangu, Mhehe na Mngoni. Babu zetu walichinjana vya kutosha, sisi tukarithi kutukanana kwa raha. Alikuwa akiingia hapa bila hodi. "Mateka wangu, umepika nini leo?" Nami namjibu, "Nimepika kiburi cha babu yako, njoo ule." Siku moja alibeba sufuria ya maharage ikiwa bado jikoni inachemka, akaenda nayo mpaka kwake, na mimi nikaifuata kwa miguu nikaikomboa kwa kibuyu cha pombe ya ulanzi. Siku nyingine alimkamata jogoo wangu. Ndivyo mtani alivyo. Anakuja kuchukua, nawe hununi.

Basi wiki ile ya fainali alikuja mchana, baba yako akiwa kazini. Nilikuwa uani na majirani wawili tunachambua mboga. Hakugusa sufuria. Hakumtazama hata jogoo. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akafungua furushi akatoa koti. Koti zito la kahawia, bitana nzima, vifungo vikubwa vya pembe, kimoja tu cheusi tofauti na wenzake. Akasema, "Mateka wangu, baridi hii ya Julai itamuua mumeo pale golini. Mpe hili. Mwambie Jumapili asijichoshe kurukaruka, avae koti apumzike."

Majirani wakacheka. Nami, unanijua, sikukubali kuzidiwa. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama mbele ya mtwa, chifu wetu Wahehe, nikasema, "Ahsante, Mngoni wangu. Jumapili atalala usingizi palepale golini, nyie piteni mnavyotaka."

Majirani walicheka mpaka mboga zikamwagika. Mapunda hakucheka. Aliniangalia usoni akauliza, "Kweli?"

Nikajibu, "Kweli. Si nimeshapokea?"

Akainuka, akaenda zake mikono mitupu.

Ipyana, hapo ndipo nilipokosea, na nimeurudia mchana ule kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Kupokea si kosa. Zawadi ya mtani hairudishwi, ukiirudisha umemtukana tusi la kweli. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtani anayekuja kuleta na kuondoka bila hata kijiko cha mtu. Na sijaona mtani anayeuliza "kweli?" Neno lile lilinipita mgongoni kama maji ya baridi. Nililisikia vizuri kabisa. Ningeweza kumwita palepale mlangoni nikamwambia kwa sauti ya kawaida: Mapunda, koti hili ni la nini? Sikumwita. Majirani walikuwa wananitazama, nilikuwa nimeshinda kwa maneno, nikaona nikianza kuuliza maswali mzaha wangu utachacha.

Baba yako aliporudi nikamwonyesha. Akauliza, "Anataka nini huyu?" Nikamwambia, "Mtani anataka nini? Anataka na wewe ufanane na watu." Akacheka, akalivaa, akajitazama kwenye kile kioo chetu kidogo kwa vipande, kifua kwanza halafu mabega. Maneno niliyomjibu Mapunda sikumwambia.

Jumapili akaenda nalo uwanjani. Mpira ulipotaka kuanza akalivua, akalitundika kwenye mwamba wa goli, pale kila mtu anapoona.

Kipindi cha kwanza alidaka kama ana mikono minne. Kipindi cha pili wakabadilisha magoli, akahama na koti lake, akawa analitazama jua linalozama. Mchezaji wa Iringa akapiga mpira mrefu wa juu kutoka mbali, mpira ambao wewe ungeudaka huku unapiga miayo. Baba yako aliinua mikono, na mpira ukashukia nyuma yake. Goli. Lilikuwa hilohilo moja mpaka mwisho.

Ni jua, mwanangu. Lilimpiga machoni. Aliniambia jioni ile na sijawahi kulitilia shaka, maana huyu mtu hajui kusema uongo hata wa kumsifu mpishi. Lakini mashabiki wa Iringa walikwishaanza kuimba, na mmoja wao akapiga kelele: "Koti la tajiri wetu limemkaa!" Watu wakalitazama. Kile kifungo cheusi walikijua wote waliotoka kule. Lilikuwa koti la mfadhili wa timu yao, mfanyabiashara aliyeweka dau kubwa kuliko wote. Mapunda alikuwa ameshawaambia kwamba nyumba ya golikipa imepokea na imejibu ndiyo. Kwa hiyo wale waliamini wamenunua goli, na wetu wakaamini limeuzwa. Waliojua kuwa hapakuuzwa kitu walikuwa jua na baba yako.

Ugomvi uliozuka pale sitauandika. Fundi cherehani alipoteza cherehani yake. Mtoto wa jirani yetu alivunjwa mkono.

Kesho yake wazee wa timu walikuja hapa nyumbani. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia chai, nawasikia. Ambokile ndiye aliyeuliza. Alisema, "Ndugu yangu, sema tu kwamba ulidanganywa. Koti hili alilipokea nani?"

Niliweka birika chini. Nilijua sasa nitoke niseme. Sikutoka. Niliona sura za wale wazee, nikaona na mama zao na wake zao kisimani wakisema, mwanamke wa Kihehe kamuuza mumewe. Nikasimama nimeshika kitambaa cha birika.

Baba yako akajibu, "Koti ni langu. Limepokewa na mimi. Goli niliachia kwa sababu ya jua."

"Ulilipokea wewe mwenyewe?"

"Koti ni langu, Ambokile."

Wakatoka. Chai hawakunywa. Timu ikamfukuza, na kwa kuwa kazi ilikuja na timu, ikaondoka na timu. Ambokile hakukanyaga tena hapa. Baba yako akaanza kulima viazi vya watu huko Uyole, mikono ile iliyokuwa ikishangiliwa na mji mzima. Wewe uliporudi ulimkuta huko kwenye viazi, ukadhani amezaliwa hivyo.

Na koti akalivaa. Hilo ndilo lililokuchoma, najua. Ulimwuliza siku moja ukiwa mdogo kwa nini asilichome moto, akakwambia koti halina kosa. Kila baridi ilipoingia alilitoa msumarini akalivaa, mbele ya macho yote yale, sokoni, kanisani, kwenye misiba. Mimi nilidhani ni ukaidi wa Kinyakyusa. Nilikuwa nikimwekea firigisi, na paja juu yake, kila siku tuliyochinja kuku, na shingo nakula mimi. Sikuwa na namna nyingine ya kusema.

Mapunda hakuja tena kunitukana. Tukikutana ananiita "mama Ipyana" kwa adabu, na adabu yake ilinichoma kuliko matusi yote aliyowahi kunipa. Mpaka mwaka huu alipougua, akatuma mtu niende. Nilimkuta amekwisha, amebaki macho. Akaniambia, "Mateka wangu, niliogopa kusema ukweli. Wale wa Iringa walinipa kibanda sokoni, nikaogopa kukipoteza. Nikifa uje unitanie. Ukinyamaza nitajua hujanisamehe." Nikamwambia, "Nitakutania mpaka jeneza lipige chafya." Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu siku ya koti.

Alipofariki wewe ulikuwa Igowole kwenye kazi ya chai, ndiyo maana umesikia kwa vipande. Niliamka, nikamwendea baba yako, nikamwambia, "Nipe koti lako." Hakuuliza. Akalitoa msumarini akanipa.

Unajua mtani anavyofanya msibani. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anazuia jeneza lisipite mpaka wamkomboe kwa kuku, anasema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Mimi niliingia uani kwa Mapunda nimevaa koti lile, limenifika magotini, natembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea. Watu wa Mbeya walikuwapo, na wafanyabiashara waliokuja kutoka Iringa, na Ambokile na wazee wa timu. Nikakaa kwenye kigoda nikaigiza Mapunda anavyoomba maji. Wakacheka. Nikalivua koti nikalinyoosha mbele: "Mwambie Jumapili asijichoshe." Wakacheka. Halafu nikahamia upande wa pili, nikapiga goti, nikajiigiza mimi mwenyewe ninavyopokea kwa mikono miwili. "Atalala usingizi golini, nyie piteni mnavyotaka." Wachache wakacheka. Nikawa Mapunda tena: "Kweli?" Nikawa mimi: "Kweli. Si nimeshapokea?"

Hapo hakucheka mtu. Nikasimama katikati ya ua nimekumbatia koti la mume wangu, nikasema, "Na golikipa alikuwa kazini. Hakujua." Nikalia hapohapo, na watu hawakujua kama mtani anaruhusiwa kulia. Mjane wa Mapunda akanishika mkono akanikalisha karibu naye.

Tuliporudi baada ya mazishi, baba yako alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka daraja. Nilikuwa nangoja aniulize. Halafu akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Jioni ileile ya mechi nilimfuata Mapunda, akanieleza yote. Na ulivyopiga goti."

Nilisimama barabarani. Nikamwuliza kwa nini basi hakuwaambia wazee, na kwa nini hakuniambia hata mimi. Akasema, "Wazee wangekula wewe. Mimi walikuwa wamenila tayari." Nikamwuliza, na koti je? Akasema kwamba angelivua watu wangeanza kuuliza lilifikaje ndani, ila likiwa mwilini mwake kila siku, hakuna wa kuuliza zaidi. "Na kuniambia mimi?" Akanitazama kwa jicho lile lake la pembeni. "Ningekwambia, ungeacha kunipa firigisi."

Nilimpiga begani pale barabarani, watu wanapita. Naye akaniambia, "Ndaga." Yeye ananishukuru mimi!

Ambokile alikuja wiki iliyofuata na mkungu wa ndizi kichwani, mtu mzima na mvi zake. Akautua mlangoni. Hawakusema neno la mechi. Walizungumza habari za mvua na bei ya viazi mpaka giza likaingia, kisha wakala sahani moja. Mimi nililia jikoni, safari hii kwa furaha, na nilimshukuru Mungu kwa kila kitu kilichokuwa kwenye sahani ile, hata chumvi.

Ila kuna jambo halijakaa sawa, na wewe ndiye uliyeligusa jana. Maneno ya mtani msibani ni maneno ya mtani. Wapo walioondoka pale wakisema, yule mwanamke ni hodari, amemsafisha mumewe kwa mchezo. Nawe umekuja na shaka hiyohiyo. Sikulaumu. Nimecheza na maneno maisha yangu yote, nitamlaumu nani yasipoaminiwa?

Kule Iringa watakuja kwako, mwanangu. Hawatakuja na uso mbaya. Atakuja mtu unayempenda, anacheka, amebeba kitu. Cheka naye, mimi sijakukataza. Lakini likikupita mgongoni lile baridi nililolisikia mimi, acha mzaha uchache, wenye kutazama watazame, mwulize tu kitu hiki ni cha nini. Na ukifungwa kwa jua, sema ni jua. Asiyekuamini mwachie.

Nashukuru kwa ajili yako. Nashukuru kwamba una mikono yake, na nashukuru kwamba uliniuliza mbele ya wageni bila kuogopa, maana mimi kwa wazee wale sikuweza. Namshukuru hata Mapunda, aliyenipa ruhusa kabla hajaondoka. Na huyu niliyeolewa naye, kila nikimwona ana tope la viazi miguuni, sijui nimshukuruje, basi namwekea maji ya moto ya kunawa.

Barua hii nitakupa asubuhi pamoja na chai. Uisome kabla hujabeba sanduku.

Uliniuliza ni kweli au utani. Ni kweli. Koti nililipokea mimi, na baba yako hakuuza kitu.

Kesho atakusindikiza mpaka kwenye basi. Koti ameliacha msumarini tangu siku ya msiba, anasema hana kazi nalo tena, na baridi ya asubuhi unaijua. Atatetemeka na hatasema. Usimwulize lolote. Tembea naye sambamba.

Mama yako